Barua Mbili za Kichochoro cha Tanuri

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Meya wa mji wetu wa Castel Serbano. Padri wetu, Don Ubaldo. Dereva wa lori lililosimama pale kwenye chemchemi, ambaye hatujui kama ni mgeni mwenzako au amepotea njia. Majirani wote: habari za asubuhi.

UKARIBISHO

Sisi wakazi wa Kichochoro cha Tanuri, kaya kumi na tisa, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tungependa kuongeza kwamba tunakukaribisha kwa furaha, lakini kusema kweli hatujui umekuja kufanya nini. Mezani tumetandika kitambaa cheupe, tumeweka divai na biskuti. Wakati huohuo Donato Verrecchia wa namba tatu amefunga vyungu vyake kwa mnyororo kwenye nondo za dirisha. Usishangae, mgeni rasmi. Tumejiandaa kwa yote mawili.

HISTORIA

Miaka sita iliyopita hapa palikuwa mawe matupu. Vijana walikuwa wamehamia Torino na Ujerumani, na paka walikuwa wengi kuliko sisi. Bibi Ersilia Colantuono wa namba saba alifiwa na mumewe, akafunga dirisha, asilifungue kwa miaka miwili. Mkate tulimwachia mlangoni. Siku moja akatoka na kopo tupu la mafuta ya zeituni, akalijaza udongo, akachomeka kitawi cha rozimari na kuliweka kwenye ngazi. Hakuomba kibali kwa mtu. Haikupita wiki, tukaona kopo la pili mlangoni kwa Donato.

Sasa hapa pana jambo ambalo wewe, kama mzaliwa wa mji huu, unalijua. Kitawi cha kuombwa hakishiki mizizi. Kinachoshika ni cha kuibwa. Ndivyo mama zetu walivyotufundisha, na ndivyo tulivyofanya: mwenye mmea anageuza kisogo, anajifanya anatazama mawingu, jirani anakata. Bibi Ersilia alikuwa hodari wa kugeuka kuliko sote. Alikuwa akisema, "Wee Donato, naingia ndani kutafuta miwani. Natafuta polepole, umesikia?" Na miwani iko usoni.

MAFANIKIO

Mafanikio unayaona kwa macho: vyungu, makopo, masufuria yaliyotoboka, na beseni la kuogea lenye mlimau ambalo hakuna anayekumbuka limefikaje hapa. Viti vimerudi nje. Watu walionuniana tangu uchaguzi wa mwaka ule wanaazimana ndoo. Na kila asubuhi Bibi Ersilia alikuwa akipita na kopo lake la maji, akimwagilia hata visivyo vyake, akitukemea kwamba tunazamisha mimea kwa maji. Mafanikio yetu makubwa yalikuwa huko kukemewa.

CHANGAMOTO

Mwezi wa tatu ofisi yako ilituletea fomu za mashindano ya mtaa wenye maua. Fomu iliuliza jina la mmea na mahali ulipopatikana. Sisi ni watu wakweli. Kaya zote kumi na tisa tuliandika, "Nimeiba kwa jirani." Don Ubaldo, ambaye si hata mkazi wa hapa, aliomba fomu yake akaandika, "Nimeiba kwa Ersilia, mara nne." Hakuna aliyeona tatizo. Tukatia saini.

Jumatatu zikaja barua mbili, mkononi mwa tarishi mmoja. Ya Idara ya Utalii inatupongeza kwa ushindi, na inasema utakuja Jumamosi saa tano kutundika kibao. Ya Idara ya Barabara inasema kwamba, kwa kuwa tumekiri wenyewe kwa maandishi, vyungu hivi ni mali ya wizi iliyowekwa kwenye njia ya umma, na vitaondolewa Jumamosi saa tano. Zote zina saini yako. Tumezilinganisha dirishani kwenye mwanga. Ni saini moja.

Tulipiga simu. Utalii wakasema tuulize Barabara. Barabara wakasema tukuulize wewe, Meya. Ofisini kwako tukajibiwa kwamba unajiandaa kwa shughuli ya Jumamosi, na hawakusema ni shughuli gani.

Bibi Ersilia alisomewa zote mbili. Ya kwanza ni kama hakuisikia. Katika ile ya pili alishika neno moja tu, wizi. Akasema, "Mimi ndiye niliyewafundisha. Leo mnaandikwa wezi uzeeni kwa sababu yangu." Akapanda ngazi, akafunga dirisha. Leo siku ya sita. Tunaogopa, mgeni rasmi, na tunalisema waziwazi. Mara ile alijifungia miaka miwili, na sasa ana miaka themanini na minne.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi manne, ya bomba, ya taa, ya mawe yanayoteleza na ya njiwa. Tumeyafuta. Limebaki moja: utuambie umekuja na barua ipi.

Bibi Ersilia naye ana lake. Alilitoa jana kupitia tundu la kufuli, na tumeahidi kulisoma kama lilivyo: "Kama ni lori, lianzie kwangu. Nisikae humu ndani nalisikia linakuja mlango kwa mlango."

Na sisi tunaongeza: kama ni kibao, pia anzia kwake. Tumemwambia mpaka tumechoka kwamba hana kosa, naye haamini tena maneno yetu. Labda atakuamini wewe.

Kwa hiyo, vyovyote iwavyo, mgeni rasmi, unaanzia namba saba. Ngazi ya tatu ni mbovu, ivuke. Hatutapiga makofi baada ya risala hii. Tumekubaliana kunyamaza, tusikie utakavyobisha.

Mungu akuongoze ulimi ukifika mlangoni pale, akubariki wewe na nyumba yako.

Ni sisi, wakazi wa Kichochoro cha Tanuri.
Kaya kumi na tisa. Kumi na nane tuko hapa nje.