Kamera Isiyo na Tundu la Jicho

Mpiga picha za harusi aliipokea kamera mpya ya msusi aliyekaa naye kiti kimoja kwenye basi, akaipima kiganjani, akaguna. "Sabuni ya hotelini ina uzito zaidi ya hii, binti. Harusini kamera kubwa ndiyo hunifungulia njia. Nikienda na hiki, wataniuliza mpiga picha anafika saa ngapi."

"Na hilo dude la kamera ulilopakata, mzee, wateja wangu wakiliona wanakaza shingo kama wamekamatwa. Mimi narekodi misuko."

Kwa mazoea mpiga picha aliiinua jichoni. Hakukuta pa kuchungulia. Pua ikabanwa kwenye kioo cha kugusa. "Ona sasa. Nikishike mbali kama mtu aliyesahau miwani? Takataka."

Msusi aliichukua, akakuta ile pua imeiwasha ikarekodi, akaicheza video hiyo. Kiooni alionekana abiria wa kiti cha mbele, mama aliyesinzia, mwanga wa dirisha umemlalia shavuni. Halafu ikasikika sauti, safi kabisa: "Takataka."

Mpiga picha aliinama, akatafuta kasoro kila kona. Basi likasimama kituoni kwake.

"Imepauka," alisema, bila kuinuka. "Irudishe mwanzo nikuonyeshe."