Maji ya Darini

Benchi letu linatazamana na jengo la kushonea nguo la ghorofa tatu lililoungua juzi. Anayekaa hapa hununua kahawa yangu na kupewa nadharia bure. Asubuhi hiyo walikuwepo watatu: Gazeti, mzee anayejua habari kabla hazijatokea, Rangi, fundi wa kupaka rangi, na Bomba, fundi aliyefunga mle mabomba ya kuzima moto, yale yenye vichupa darini ambavyo vikipata joto hupasuka na maji kumwagika yenyewe. Safari hii halikudondoka hata tone. Watu saba hawakutoka, na hawa wanabishana kama wanajadili mpira.

GAZETI: Maji ya siku hizi yamejaa dawa. Dawa ikizidi, maji yanashika moto.

MIMI: Kunywa kahawa yako, mzee. Imechemshwa kwa maji hayohayo.

RANGI: Mi nasema vichupa vilikuwa feki.

GAZETI: Feki wapi! Ule moto ulikuwa na akili. Ulipita chinichini, vichupa visiuone.

RANGI: Hapo sawa! Tena moto wa vyerehani vya umeme hauna joto.

MIMI: Hauna joto, na ukuta umepasuka?

Bomba hakuwa amegusa kikombe chake.

BOMBA: Vichupa vilipasuka vyote. Jana niliingia na wakaguzi, nikaviona. Koki kuu ya kupeleka maji juu ndiyo ilikuwa imefungwa.

GAZETI: Kaifunga nani?

BOMBA: Mimi. Rangi alipopaka dari, ngazi yake iligonga kichupa kikapasuka, vitambaa vikalowa. Nikafunga ili amalize kazi.

RANGI: Si ulisema utafungua!

BOMBA: Nilisema ukimaliza unishtue.

RANGI: Nilimaliza mwezi uliopita, bwana. Nilijua umeshafungua.

BOMBA: Na mimi nilijua bado unapaka.

Gazeti akainamia kikombe chake. Mara mama mmoja akasimama mbele yetu, kashika simu kwa mikono miwili.

MAMA: Habari zenu, wanangu. Nimeambiwa fundi wa lile jengo hukaa hapa.

Nikamsogezea kikombe cha kahawa.

MAMA: Binti yangu alikuwa anashona ghorofa ya tatu. Moshi ulipoanza alinipigia. Nikamwambia kimbia, mwanangu. Akasema, “Mama, usihofu. Ngazini wanakanyagana. Tunangoja maji ya darini, yatamwagika sasa hivi.”

Akatutazama mmoja mmoja.

MAMA: Alingoja sana?

Bomba akasimama kumpisha akae. Nilisikia uchungu, nikaona na aibu, maana tangu juzi tulikuwa tunakaa hapa tukicheka.