Siku Niliyosema Sijaridhika

Kina mama wenzangu, namshukuru Mungu aliyenifikisha mbele yenu, meno machache lakini akili zangu ninazo. Na wewe binti uliyeninyooshea simu hapo mbele, nimekuona. Sijui sauti yangu utaipeleka wapi. Haya, kaa nayo.

Mimi mtu wa Mbau, kusini ya Ruvuma. Shule sikusoma, nilijua juzuu amma na jembe. Kabla ya vita vya uhuru, mkuu wa posto, yaani boma, Mreno, alituita uwanjani akauliza kwa mdomo wa mkalimani: mmeridhika na kilimo cha pamba? Karani kakaa pembeni na kalamu. Kaka yangu akajibu, "Hatujaridhika. Pamba hailiwi." Akaandikwa jina. Alfajiri wakaja sipai, askari wa Mreno, wakamchukua. Hakurudi. Nikajiwekea sheria: ukiulizwa kama umeridhika, umeridhika.

Vita vilipopamba moto tukavuka Ruvuma, tukafika kambini upande wa Tanzania. Wakubwa wetu wa vita wakachagua wanawake kumi na wawili tufundishwe ukunga, turudi tukazalishe wenzetu waliobaki msituni. Wakakiita chuo. Banda la mabati, jenereta inanguruma nje, na ndani mashine mbili: moja ya kutupa picha ukutani, ya pili gravadori, ile inayonasa sauti ya mtu na kuirudisha. Somo lilikuwa limo ndani ya gravadori. Mwalimu wetu, kijana mpole, hakuwahi kupokea mtoto hata mmoja. Kazi yake kubonyeza.

Mimi ile mashine sikuipenda tangu siku ya kwanza. Kitu gani kinasikia kila neno na hakisahau?

Na kila Alhamisi mwalimu alikuwa akitupelekea kinasa sauti cha gravadori mdomoni, mmoja mmoja. "Mmeridhika na darasa?"

"Tumeridhika, mwalimu."

Mwenzangu mmoja, mtu wa Mucojo, tuliyelala naye mkeka mmoja, akaninong'oneza, "Shoga, mimi sielewi kitu. Inakwenda mbio, na ukiiuliza haikujibu. Leo nasema."

Nikamfinya paja mpaka machozi yakamtoka. "Nyamaza. Unataka ukachukuliwe kama kaka yangu?"

Akasema ameridhika. Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipoanguka. Sikuanguka kwa kuogopa, kila mtu anaogopa. Nilianguka kwa kumfunga mwenzangu mdomo.

Mwezi wa tatu wa mafunzo tukatumwa, mimi na yeye, kwa mama mmoja mkimbizi aliyeshikwa na uchungu. Mtoto akatoka kimya, kalegea kama kitambaa. Mwenzangu kampakata, ananitazama mimi. Na mimi nafanya nini? Nasoma somo, neno kwa neno, kama lilivyo kwenye mashine: safisha kinywa, sugua mgongo. Maneno yote ninayo. Mikono haijui pa kuanzia.

Bibi mmoja jirani, mkunga wa zamani, akatusukuma. Akampangusa mtoto kinywa kwa ncha ya kanga, akamgeuza, akamsugua mgongo. Mtoto akalia.

Bibi akatutazama. "Mnasema vizuri kama kasuku. Nani kawafundisha?"

"Mashine, bibi."

"Na mashine iliwashika mikono?"

Tukafunga vitu vyetu tukaondoka. Mwenzangu hakunisemesha njia nzima. Angenitukana ningepona.

Alhamisi ikafika, wa mbele yangu wakajibu: "Tumeridhika, tumeridhika." Zamu yangu, nikayaona magurudumu ya gravadori yanazunguka. Nikamkumbuka kaka yangu. Kisha nikamkumbuka yule mtoto. Nikasema, "Mimi sijaridhika."

Mwalimu akazima mashine. Nikajua yamekwisha.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Mbona ulikuwa ukisema umeridhika?"

"Ulikuwa ukiniuliza na kitu mkononi."

Akakaa chini. Akasema, "Majibu yenu nilikuwa nikiyapeleka kwa wakubwa. Wamefurahi, wanataka kutuongezea mashine ya tatu." Mwenzangu wa Mucojo akacheka. Alicheka peke yake, kisha akasimama. "Mimi pia sijaridhika." Wakafuata wengine, na mwenzangu akamsimulia mwalimu habari za yule bibi.

Lakini mwalimu akaondoka na ile sauti yangu. Nikafunga kifurushi changu, nikakilalia siku tatu nikisubiri kuchukuliwa. Siku ya nne landrova ikasimama mbele ya banda. Nikabeba kifurushi, nikatoka mwenyewe, nisivutwe mbele za watu. Mlango ukafunguliwa, akateremka yule bibi na mkeka wake kwapani.

"We kasuku," akaniambia, "unasafiri? Weka mzigo, lete mikono."

Tangu siku hiyo, asubuhi tunatazama picha ukutani, mchana bibi anatushika mikono. Hapo picha nazo zikaanza kunifaa, siwezi kuzikana. Nilirudi msituni nikazalisha mpaka vita vikaisha.

Namshukuru bibi yule, Mungu amlaze pema. Namshukuru mwalimu, ijapokuwa alipoapa kwamba sauti yangu ameifuta sikumwamini, na mpaka leo simwamini. Mwenzangu nilimwomba radhi. Akanifinya paja, akasema tumelipana.

Nimeambiwa leo mtaulizwa kama mmeridhika na mafunzo haya ya kikundi, na majibu yatanaswa. Kuogopa ogopeni, sikatazi. Ila aliye jirani yako akifungua mdomo, mkono wako uweke mapajani mwako mwenyewe.

Haya binti, uliza. Anza na mimi.