Barua ya Kasa Kutoka Mafia

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili, pale Mukendo, mjini Musoma, na mwisho wake wa kulia Silasi muuza kahawa aliinjika birika lake juu ya mkaa. Ukikaa hapo saa kumi alasiri, katikati ya nyumba mbili unaona kipande cha ziwa, chembamba kama kitambaa kilichoanikwa. Alhamisi moja ya mwaka 1974 Felisian alifika na bahasha mfukoni na mzigo moyoni. Wenzake walimwita Faili, maana hapakuwa na ndoa wala msiba katika ukoo wao ambao hakujua tarehe yake. Bahasha ilitoka kwa binamu yake Stanislausi, bwana samaki aliyehamishiwa kisiwa cha Mafia miaka mitano nyuma. Mzigo ulikuwa mama wa huyo Stanislausi, mama mkubwa Ghati. Jumatatu lori la serikali lingepita kandokando ya ziwa kubeba watu na vyombo vyao, kuwapeleka kijiji kipya kilichopimwa kwenye barabara ya Butiama. Wote walishakubali, ila yeye. Alisema haendi popote, kwani mwanawe akirudi atampata wapi? Ukoo ulimpa Felisian mpaka Jumapili awe amemshawishi.

— Soma bwana, alisema Ngolo, mfuga ng'ombe wa Bunda ambaye kila akija mjini kutafuta dawa ya kupe alijikuta ameketi hapo. Huyo Stani ameandika nini safari hii?

Felisian alifungua barua taratibu, akaikunjua juu ya goti. Kama kawaida ilianza: "Kwa Benchi lote." Akasoma kwa sauti yake ya darasani, akiheshimu kila mkato.

— "Huku kuna mnyama anaitwa pweza. Ana mioyo mitatu, na damu yake ni ya bluu."

— Mitatu! Ngolo akashika kifua. Mimi huu mmoja unanisumbuaga.

— Ni haki yake, alisema Apolinary, fundi cherehani aliyeitwa Redio kwa sababu yake ilikuwa ndiyo redio pekee mtaani. Mwenye wake watatu, kila mke na moyo wake. Hakuna ugomvi.

— Na yule asiye na mke, kama Silasi? aliuliza Ngolo.

— Huyo anabaki na damu ya bluu tu.

Silasi alicheka, akawajazia vikombe. Felisian alingoja watulie.

— "Kuna samaki mmoja mdogo, kichwa chake kama cha farasi. Jike humpa dume mayai, na dume huyabeba kwenye mfuko wa tumbo mpaka anazaa yeye mwenyewe."

— Dume anazaa? Ngolo aliweka kikombe chini. Faili, usome vizuri.

— Nimesoma kilichoandikwa.

— Mahari sasa analipa nani kwa nani?

— Hilo hakuandika.

— Ndiyo shida ya wasomi. Jambo kubwa wanaliachaga.

— "Yale mawe ya chini ya maji, matumbawe, yanajengwa na wanyama wadogo kuliko punje ya mtama. Mmoja anajenga juu ya aliyekufa, miaka elfu na elfu. Na maji ya huku yanaondoka mara mbili kila siku, unatembea kwa miguu pale palipokuwa na kina, kisha yanarudi."

Felisian aliona kila mmoja ametazama kile kipande cha ziwa, na yeye mwenyewe akakitazama. Kwa muda aliyaona maji yakijikunja na kwenda zake polepole, mitumbwi ikikaa juu ya matope, samaki wenye vichwa vya farasi wakipita wima kwenye mwanga wa kijani, na mbali kabisa Stani, suruali imekunjwa magotini, akitembea juu ya mji uliojengwa na viumbe wasioonekana.

— Yanaendaga wapi? aliuliza Silasi kwa sauti ya chini.

— Yanakuja huku, alisema Redio bila kusita. Huoni asubuhi ziwa linavyopumua? Bahari ikitoka kule, inaingia huku kwa chini chini.

— Basi mbona hatusikii chumvi? aliendelea Silasi.

— Inachujwa na mchanga. Njia ni ndefu.

— Chumvi! Ngolo alisimama kabisa. Jamani, ng'ombe wangu nawatembezaga siku mbili kwenda kulamba udongo wa chumvi. Kumbe kuna ziwa zima la chumvi! Mimi nawaswaga wote mpaka Mafia.

— Mafia ni kisiwa, Ngolo, alisema Felisian.

— Si maji yanaondoka mara mbili kwa siku? Nitavuka yakiondoka.

— Na yakirudi uko katikati?

— Nitashika mkia wa fahali.

— Utafika umeshaota mioyo mitatu, alisema Redio, na Silasi nusura amwage birika.

Felisian hakucheka. Alikuwa amefika ukurasa wa mwisho, ule aliousoma usiku uliopita mara nne.

— "Mwezi uliopita nililala ufukweni nikamwona kasa akipanda kutoka baharini kutaga. Ni kobe wa majini, mzito kuliko mtu. Alichimba shimo kwa miguu ya nyuma, macho yanamtoka machozi. Wataalamu wanasema kasa jike huzunguka bahari miaka ishirini, thelathini, kisha hurudi kutaga pwani ile ile alikoanguliwa. Hakuna anayemwonyesha njia."

Redio alipiga paja lake kofi.

— Faili! Hiyo ndiyo dawa ya mama yako mkubwa. Kama kobe anaona njia baada ya miaka thelathini, Stani mwenye macho, mwenye cheti cha serikali, atashindwaje kufika barabara ya Butiama?

— Ndicho nilichofikiri, alisema Felisian. Mama mkubwa ataingia mjini leo kununua chumvi. Nimemwambia apitie hapa.

Na hakukawia. Ghati alitokea kwenye kona ya duka, mrefu, amejifunga kaniki, pakiti ya chumvi iliyofungwa kwa gazeti mkononi. Ngolo na Redio waliinuka wakamwachia benchi lote.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, wanangu. Nimeambiwa kuna barua.

— Ipo, mama mkubwa. Keti, nikusomee.

Silasi alimmiminia kikombe. Felisian alisoma tangu mwanzo, polepole zaidi ya mara ya kwanza. Alipofika kwenye pweza Ghati alisikiliza tu. Alipofika kwenye dume anayezaa alitabasamu na kusema kwamba baba yake Stani angefaa kuwa samaki huyo, walau mara moja. Alipofika kwenye kasa aliweka kikombe chini.

— Rudia hapo.

Akarudia.

— Umeona, mama? Redio alidakia. Kobe tu! Sembuse Stani. Wewe panda lori bila wasiwasi.

Ghati alimwangalia kama mtu anayepima nguo kabla ya kununua, kisha akamgeukia mpwa wake.

— Huyo mnyama nimemwelewa. Anarudi kwenye mchanga ule ule. Sasa, Felisian, ule mchanga ukipakiwa kwenye lori ukapelekwa barabarani, yeye atarudi wapi?

Ngolo aliangalia viatu vyake vya matairi. Felisian aliipekua barua, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, ingawa alijua kila neno lililomo. Stani alikuwa ameandika habari za mioyo na damu na miaka elfu, lakini hilo hakuliandika.

— Kahawa imeisha, alisema Silasi, na hakuna aliyemlaumu kwa kubadili mazungumzo.

— Mwandikie umuulize, alisema Ghati.

— Mama mkubwa, barua ya Mafia inakaa njiani wiki tatu. Jibu halitawahi Jumatatu.

— Najua halitawahi.

Aliigeuzageuza ile pakiti ya chumvi. Kisha akasema:

— Lori nitapanda. Sitaki nibebwe kama gunia la pamba, majirani wananitazama. Lakini wewe si ndiye unayeandikaga mambo ya ukoo? Andika. Toka lile jiwe lililopasuka la kando ya ziwa, kwenda mlangoni kwangu, hatua thelathini na nane. Nazijua, nimezihesabu na mtungi kichwani tangu niolewe. Mlango unatazama ziwani. Mafiga sibebi, yote matatu nayaacha. Stani akiyakuta, ajue ni hapo. Kisha ageuke atazame juu, kule barabarani. Akiona moshi, ni mimi.

Felisian alitoa penseli, akaandika nyuma ya bahasha kwa herufi ndogo zilizonyooka. Ngolo alishika upande mmoja ili upepo usiichukue.

— Nisomee.

— "Kutoka jiwe lililopasuka mpaka mlangoni, hatua thelathini na nane. Mafiga matatu yamebaki. Moshi wa kule juu barabarani ni wa mama. Mlango ulikuwa ukitazama ziwani."

— Ulikuwa? Ghati alisema. Felisian, lori ni Jumatatu, leo ni Alhamisi. Nimeacha maharage jikoni, na mbuzi amelala mlangoni pangu.

Felisian aliona uso unamchoma. Mtu wa tarehe kama yeye, kukosea siku! Alilowesha kidole, akafuta mpaka karatasi ikaota manyoya, akaandika upya: Mlango unatazama ziwani. Akausoma mstari huo kwa sauti.

— Hapo sawa, alisema Ghati. Akaibana chumvi yake kwapani, akashika njia ya nyumbani.