Dole la Tatu

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha kinyozi, na tangu mafuriko mguu wake mmoja umeegemezwa kwa tofali. Tumechoka, sitaki kudanganya. Leo siku ya tisa tunaendesha grupu la kusaidia waliopatwa na maji: mtu anatuma taarifa, sisi tunahakikisha, kisha mchango unatoka. Wiki iliyopita jamaa mmoja alitulilia kwenye simu, tukampelekea mablanketi, kesho yake tukayakuta sokoni yametundikwa. Wachangiaji walitutukana mpaka tukakoma. Ndipo Fundi Saa, admini wetu, akatunga sheria: taarifa haiendi popote mpaka wajumbe watatu waiwekee dole gumba. Leo asubuhi imeingia hii: bikizee nyuma ya kiwanda cha mbao, sindano zake za kisukari zimesombwa na maji. Ina madole mawili.

Kinyozi: Mimi siweki. Nikiweka halafu awe tapeli, nani atakuja kunyolewa kwangu?

Fundi Saa: Hujalazimishwa. Tunangoja la tatu, basi.

Gia, dereva mstaafu: Hebu nione picha. Mh! Haya maji ya mwaka juzi. Tope la safari hii jeusi, hili jekundu.

Kinyozi: Mzee, kioo cha simu yako kimeharibika. Hata mimi unaniona mwekundu.

Gia: Haya, na bibi mwenyewe? Mgonjwa gani anakaa wima hivyo kupigwa picha?

Fundi Saa: Nasikia siku hizi kuna watu wanakodisha wazee. Bibi mmoja anazungushwa magrupu manne.

Kinyozi: Huku bibi, kule mjane, kwingine mama wa mapacha!

Gia: Na hii mvua yenyewe, mmeichunguza? Mimi nawashuku wauza maturubai.

Tulicheka kidogo, kicheko cha watu wasiolala vizuri. Muuza kahawa akatujazia vikombe.

Mimi: Ilitumwa saa ngapi?

Fundi Saa: Saa moja. Sasa hivi saa sita kasoro.

Hapo akatokea mwanamke, suruali ameikunja hadi magotini, viatu mkononi.

— Shikamooni. Hapa ndipo kwa watu wa grupu la mafuriko?

— Marahaba, mwanangu, karibu, alisema Fundi Saa, daftari tayari mkononi. Una taarifa?

— Nilishaituma asubuhi. Ya mama mkwe wangu, nyuma ya kiwanda cha mbao.

Vikombe vikatulia.

— Hatujakusahau, alisema Fundi Saa kwa upole. Tunahakikisha. Limebaki dole moja tu.

— Nimekuja kwa miguu, baba. Dakika kumi. Maji yameshashuka, yananifika hapa tu.

Akaonyesha kifundo chake chenye tope. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

— Sasa hayo madole mawili ni ya nani? Maana nimekaa mlangoni tangu alfajiri, sijaona mtu.

Fundi Saa akanitazama. Na mimi nikamtazama. La kwanza lilikuwa lake, aliliweka akiwa amekaa hapa hapa. La pili langu, nililiweka kwa sababu niliona lake. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Kinyozi alishika njia ya duka la dawa bila kufunga kibanda. Gia, na goti lake bovu, ndiye aliyeinama wa kwanza kuvua viatu.