Chupa ya Soli

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya matofali, kati ya mlango wa kinyozi na sanduku la fundi viatu. Ukikaa mwisho mmoja peke yako, mwisho wa pili unanyanyuka, kwa hiyo mtu hainuki bila kuaga. Kinyozi ni Wembe, fundi viatu ni Soli. Muuza kahawa ni Birika, hukaa juu ya ndoo yake na hakuna neno linalompita. Mimi nafanya kazi maabara ya hospitali, wananiita Darubini. Nimeshawaeleza kwamba kifaa changu ni hadubini, wakasema jina hilo halishuki na kahawa. Jumamosi iliyopita nilifanya kosa. Niliwaambia kuna virusi visivyo na shida na binadamu, kazi yao ni kuua bakteria, na vimejaa kwenye maji machafu. Nikamaliza kahawa yangu, nikaenda zangu. Leo nimekuta Soli ana chupa.

Ilikuwa chupa ya gundi, imeoshwa, ndani yake maji ya rangi ya majani ya chai yaliyochemshwa mara ya tatu. Mkono ulioishika ulikuwa na kitambaa kwenye gumba. Wiki tatu zilizopita alijichoma na sindano ya viatu, na gumba limevimba hadi kucha imepotea. Daktari amemwambia likiendelea hivyo watalikata. Fundi viatu bila gumba la kushoto, kiatu atakishikaje?

Soli: Nimeyachota mtaroni, nyuma ya zahanati. Pale bakteria ni wengi, kwa hiyo na askari wao watakuwa wengi. Si ndivyo ulivyosema?

Mimi: Sikusema uchote, kaka.

Soli: Ulisema wapo.

Wembe: Dawa ya moto ni moto. Mimina.

Mimi: Usimimine. Ngoja kwanza. Vidonge ulivyopewa umemaliza?

Soli: Nilikula siku tatu, uvimbe ukashuka. Vilivyobaki nikaviweka akiba.

Akaonyesha kwa kidevu buti moja ambalo mwenyewe hajaja kulichukua mwaka sasa.

Mimi: Ndiyo maana wamebaki wale sugu. Na virusi hivyo viko vya tabia mbili, Jumamosi sikumaliza. Kimoja kinaingia ndani ya bakteria, kinazaana, kinampasua, watoto wanatoka kutafuta mwingine.

Wembe: Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mimi: Hapo mwenyeji amepasuka.

Wembe: Amepona dhiki za dunia.

Mimi: Cha pili hakina haraka. Kinaingia, kinajificha ndani ya mwenyeji, kinakaa kimya. Mwenyeji akizaa, watoto wanakirithi. Na mara nyingine kinakuja na mzigo, kinamfundisha mwenyeji kutengeneza sumu. Bakteria wa kipindupindu, ile sumu inayomkausha mtu maji mwilini aliipata kwa kirusi.

Birika: Kumbe alikuwa mpole, akatembelewa, mgeni akasahau panga.

Mimi: Karibu hivyo.

Wembe: Zimwi likujualo.

Soli: Hilo limeingiaje hapa?

Wembe: Subiri, litaingia tu.

Birika: Shemeji yangu alikuwa hivyohivyo. Miaka kumi mpole. Akaja binamu yake kukaa wiki mbili. Binamu kuondoka, shemeji anajua kesi zote za mipaka ya viwanja.

Wembe: Na yule kinyozi wa ng'ambo. Alikuwa hawezi hata kuchonga ndevu, sasa ananimalizia wateja. Ameingiwa.

Soli: Ameingiwa na nini, na wewe ndiye uliyemfundisha?

Wembe: Ndiyo nasema. Kirusi ni mimi.

Mimi: Na bakteria hawakai kusubiri. Wanabadili ngozi ili kirusi kikose pa kushika, kirusi nacho kinabadili mkono. Ndivyo wanavyonoana, miaka nenda miaka rudi. Wanaotibu kwa virusi hivyo huvichagua, huvisafisha, huvijaribu kwanza kwa bakteria wa mgonjwa mwenyewe.

Soli: Na mimi nimechuja. Kwa kitambaa cha bitana, mara mbili.

Birika: Mara mbili ni nyingi.

Soli: Mnanichelewesha. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Akaanza kufungua kitambaa kwa meno. Hapo ndipo alipotokea mama mkwe wake, amebeba ndara iliyokatika mkanda. Soli akaficha chupa mgongoni kama mwanafunzi.

Soli: Shikamoo, mama.

Mama mkwe: Marahaba, mwanangu. Nyuma huko una nini?

Wembe, ambaye hawezi kukaa na neno mdomoni, akaeleza yote, pamoja na binamu na kinyozi wa ng'ambo. Mama akasikiliza akiwa amesimama, ndara mkononi.

Mama mkwe: Nimeelewa. Kuna anayeua, na kuna anayegawa sumu.

Wembe: Naam, mama.

Mama mkwe: Sasa humu kwenye chupa yumo yupi?

Wembe akamtazama Birika. Birika akafunua birika, akachungulia ndani. Kisha wote wakanigeukia mimi, niliyesoma miaka minne na kufanya kazi miaka miwili.

Mimi: Sijui, mama. Kwa macho hata mimi sijui.

Soli akainua chupa kwenye mwanga, akaigeuza polepole, kama anavyokagua soli kuona kama bado ina kazi. Akaenda kuimwaga mtaroni. Birika akampa sabuni na maji ya kunawa bila kuambiwa.

Mama mkwe akakalia kigoda cha Soli, akavuta sanduku karibu na magoti yake.

Mama mkwe: Viatu nitavilinda mimi. Na wewe, binti wa maabara, mpeleke hospitali, wapime huo usaha wajue dawa ipi inawaweza hao bakteria. Na umshike mkono, asije akapotelea njiani.

Soli akakung'uta buti, vikaanguka vidonge vinane. Akavitia mfukoni akamwonyeshe daktari. Kwa haraka ya kumfuata nikainuka bila kuaga. Ubao ukaruka, na Wembe akawa chini, kikombe bado mkononi, kahawa yote kifuani.

Wembe: Si niliwaambia? Zimwi likujualo.

Safari hii hakuna aliyeuliza limeingiaje.