Namba ya Kurudiwa

Sogeeni karibu, wanangu. Wewe Chuma, acha kusimama mlangoni kama askari wa zamu, na wewe Kitinda, kaa hapa miguuni pangu wala usiogope kuniumiza, maana miguu hii tangu juzi si yangu tena, na kusema kweli hata sehemu zilizobaki sizihisi sana. Sikilizeni nikiwa bado nina ulimi.

Nyumba ni yenu wawili, vyumba vya mbele vya Chuma, vya nyuma vya mdogo wake, na jiko mtashirikiana kama mlivyoshirikiana ziwa moja. Deni la mtu sina. Linalobaki ni uwanja wa nyuma penye kile kipimamvua, na huo ndio uliowafanya msisemezane tangu mama yenu azikwe, mmoja akitaka kuking'oa ajenge vyumba vya kupangisha, mwingine hataki hata jiwe lisogezwe. Husemwa ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune. Mimi nimelima hadi nimeangukia kitandani, kapu sijaliona.

Mmekua mkiniona kila saa tatu asubuhi nikitoka na gilasi yangu yenye mistari, namimina maji yaliyoingia katika kile chombo, nainama hadi jicho liwe sawa na maji, kisha nasoma milimita kwa sauti. Mama yenu, dirishani jikoni, alirudia namba nisije nikakosea kuandika. Ndivyo alivyotufundisha yule bwana wa hali ya hewa aliyekuja kukisimika, mmoja asome, mwingine arudie. Hata kukiwa kukavu husomwa. Sifuri nayo ni kipimo. Ukiacha wazi, maana yake hukwenda kutazama. Wanasema dalili ya mvua ni mawingu, nami sibishi, ila nimeyaona yakipanda juu kama povu la sabuni, meusi chini, watu mbio kuanua nguo, kisha yakapita kwenda kuwanyeshea wengine. Mimi nilipima kilichoanguka tu.

Kuna jambo hamlijui. Mwaka ule wa ukame, nyinyi wadogo, nilisoma sifuri hadi sauti ikanikauka. Asubuhi moja nikakuta maji, milimita kumi na mbili, na udongo pembeni ni vumbi tupu. Nikageuka, namwona mama yenu dirishani anasugua sufuria iliyokwisha kutakata. Nikasoma, "Kumi na mbili." Akajibu, "Kumi na mbili," akacheka hadi sufuria ikamponyoka. Kitabuni niliandika sifuri, na hatukulizungumza tena.

Siku tuliyomzika ilikuwa imenyesha, na saa tatu nikatoka na gilasi, naye bado yumo ndani hajatolewa. Wajomba zenu walinong'ona. Wewe Chuma hukunong'ona, uliniambia usoni, "Baba, una moyo wa bati." Sikukasirika, mwanangu. Sikuhisi kitu. Nilisoma, nikangoja namba irudi kutoka dirishani, haikurudi, nikaandika hivyo hivyo. Na tangu siku ile kila asubuhi nasoma, nangoja, namba hairudi, naingia ndani kunywa chai. Kulia sikuweza, na sijui kwa nini.

Miguu iliposhindwa nikakutuma wewe, Chuma, na ulikwenda kwa kununa, ukawa unasoma kule uani nami narudia hapa kitandani. Leo asubuhi umesoma kumi na mbili. Nikarudia, mmenisikia. Lakini Chuma, nimelala chini ya bati hili macho makavu usiku kucha, na halikulia hata tone. Usiinamishe kichwa. Hakuna aliyekusimulia habari ya mama yako, maana hakuna aliyeijua ila mimi, nawe ukachukua kikombe ukafanya vile vile alivyofanya yeye. Damu si maji. Basi kitu kikanigusa hapa kifuani, kidogo sana, hakifiki hata mstari wa kwanza, lakini kipo.

Ngoja nipumue. Kitinda, nilowanishe midomo... Vema.

Jenga vyumba vyako, Chuma, ila upande wa barabarani, na viwe vifupi. Kutoka ukutani hadi kwenye kipimamvua uache mara mbili ya kimo cha ukuta, mvua isizuiwe. Wewe utasoma. Wewe Kitinda utakaa dirishani, urudie. Kama hamtaki kusemezana, msisemezane, namba hiyo moja tu kila asubuhi, mengine yatajifuata yenyewe... Mola awape mvua ya kiasi, isiyobomoa. Awape wa kuwajibu mkiita. Radhi yangu mnayo, wote wawili, sijabakiza...

Sasa nenda, Chuma. Kile kipimo cha leo... andika sifuri. Kisome upya, kwa sauti... Na wewe binti, nenda dirishani. Mjibu kaka yako... Acheni mlango wazi, nisikie.